Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mgonjwa wa kisukari akaguliwe fizi pia

Mheshimiwa Waziri,

Mgonjwa wa kisukari akifika kiliniki hupimwa uzito, shinikizo la damu na sukari. Akibahatika hukaguliwa na miguu. Kinywa mara nyingi hakiangaliwi. Tunaomba ukaguzi wa fizi uwe wa lazima na uwe na nafasi yake kwenye kadi.

Ukoga usipoondolewa huganda ukawa ugaga. Chini ya fizi, kusikofika hewa, hustawi bakteria kama Porphyromonas gingivalis. Mwili hupambana nao kwa mchochota (fizi huvimba na kuwa nyekundu), na kemikali za mchochota huo huingia kwenye damu na kuifanya insulini ishindwe kufanya kazi sawasawa. Sukari hupanda, chembe nyeupe hudhoofika, fizi zinazidi kuharibika. Dozi inaongezwa, kumbe sehemu ya tatizo imo mdomoni.

Kukwangua ugaga juu na chini ya fizi hushusha HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi 2 hadi 3 iliyopita) kwa takriban pointi 0.3 hadi 0.4 za asilimia katika miezi 3 hadi 6. Hakumwachishi mtu dawa, ila si haba. (Mwenye selimundu asipimwe kwa HbA1c: chembe zake nyekundu hufa mapema, majibu yakadanganya kwa kuonyesha sukari iko chini.)

Muuguzi aulize mawili tu: fizi hutoa damu ukipiga mswaki? Kuna jino linalotikisika? Jibu likiwa ndiyo, rufaa iandikwe siku hiyohiyo. Kwenye chumba cha meno, kina cha mwanya kati ya fizi na jino kipimwe kuzunguka kila jino: hadi milimita 3 ni salama, 4 na kuendelea apewe tiba, kisha apimwe tena baada ya wiki 6 hadi 12. Anayetumia insulini apangiwe asubuhi, awe amekula na kuchoma dawa yake kama kawaida. Wapo wanaokuja na njaa wakidhani ndivyo inavyotakiwa, sukari ikawashukia kitini.

Antibayotiki zisigawiwe kwa kila mwenye fizi mbovu. Bila kukwangua, utando wa bakteria unabaki palepale, huku bakteria wema wa utumbo wakiangamia. Na metformin, kidonge cha kisukari, peke yake inatosha kuwaharisha wengi wiki za mwanzo; antibayotiki zisiongezwe juu yake bila sababu.

Hospitali nyingi za wilaya zina chumba cha meno na kiliniki ya kisukari ndani ya uzio mmoja. Kinachokosekana ni karatasi ya rufaa kati yao.

Wako katika huduma,
Watoa huduma wa kinywa, meno na kisukari