Nyota changa hazifi, zinakula: kusini tuzipime

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako kusahihisha jambo linalosemwa sana: kwamba nyota ikibadilika mwanga, inakufa. Zipo zinazobadilika kwa sababu ndiyo kwanza zinakua. T Tauri, isiyo mbali na Kilimia, ni mojawapo.

Nyota ya aina hii bado imezungukwa na ungo wa gesi na vumbi. Nguvu ya sumaku ya nyota huikamata gesi hiyo na kuimimina kwa michirizi juu ya sehemu chache za uso wake. Panapogongwa huwa na joto kali kuliko uso uliobaki, na kwa kuwa nyota hujizungusha kwa siku chache tu, doa hilo huja mbele yetu na kujificha. Mlo wenyewe hauji kwa kipimo kimoja, na vumbi la ungo likikatiza, nyota hufifia. Kuna wakati ungo humwagika kwa wingi: FU Orionis iliwaka mwaka 1936, mwanga ukapanda zaidi ya mara 100, na hadi leo haijarudi ilikokuwa. EX Lupi ilipanda karibu mara 100 mwaka 2008, ikashuka baada ya miezi.

Kazi hii haihitaji mitambo mikubwa. Mwaka 2004 Jay McNeil, mpenzi wa nyota wa Marekani, aligundua wingu lililoangazwa na nyota changa iliyolipuka kwa mwanga, akitumia darubini ya milimita 76 na kamera.

Mtwara na Lindi tuna bahati ya pekee. RU Lupi, nyota changa nyingine yenye mng'ao wa daraja la 11 hivi (daraja likiwa namba kubwa, nyota ni hafifu zaidi), ikiangaliwa kutoka London hugusa tu upeo wa macho. Kwetu, mwishoni mwa Juni saa 4 usiku, iko juu kabisa upande wa kusini, tena kiangazi. Darubini ya kioo cha milimita 150 hadi 200 inatosha.

Chukua ramani za bure za AAVSO, chama cha Marekani cha wanaopima nyota zinazobadilika. Namba zake hazina nukta, isije ikadhaniwa ni nyota: 104 maana yake daraja la 10.4. Kati ya nyota zenye namba hizo, tafuta jirani mmoja anayeng'aa kuizidi nyota yako na mwingine hafifu kuliko yako. Wakiwa 10.4 na 11.0, na nyota yako imeshuka theluthi moja ya njia kutoka kwa yule mkali, andika 10.6. Kabla ya hapo macho yakae gizani dakika 20, simu ikiwa mfukoni. Usikodolee nyota nyekundu. Kadiri unavyoitazama ndivyo jicho linavyoidhania kali.

Kosa kubwa la kwetu ni saa. Wanaopokea vipimo hutumia saa za dunia (UTC), ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Saa 4 usiku ni 22:00, kwa hiyo andika 19:00. Saa 8 usiku ni 02:00, nawe utaandika 23:00 ya tarehe iliyopita. Ukiandika "4" peke yake, kipimo kimeharibika, na kwa nyota inayobadilika ndani ya usiku mmoja hakuna wa kukiokoa.

Pwani ya Mikindani au Msimbati, upepo wa kusi huleta chumvi. Usifute kioo kwa khanga wala shati, punje za chumvi hukwaruza; puliza kwanza, kisha pamba iliyoloweshwa maji yaliyotoneshwa. Newala, juu ya uwanda, chumvi haisumbui hivyo, lakini mashamba yanapochomwa moshi hufifisha nyota zilizo chini, basi subiri nyota na jirani zake ziwe juu kwa usawa mmoja.

Na usiku nyota isipoonekana kabisa, usiache pengo. Andika alama ya < na daraja la nyota hafifu kuliko zote uliyoiona jirani yake, mfano <12.6. Hicho nacho ni kipimo.

Wapenzi wa nyota,
Mikindani, Mtwara