Kwenu wanenguaji na madansa wa Dar: goti halina spea

Wanangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Juzi nimeingizwa kwenye grupu la michango, nafungua nakuta picha ya binti kalala, goti limevimba kama boga, chini namba ya kutuma hela. Nikampigia mwenyewe. Anasema walikuwa wanashuti video juu ya paa la ghorofa tangu saa mbili asubuhi, zege tupu, raba za kuazima zinampwaya, hajala kitu, dairekta anasema rudia, rudia tena, ilipofika saa kumi kwenye kile kipande cha kuruka na kushuka chini goti likalia pah. Akapewa elfu ishirini ya bodaboda. Video imetoka, kila mtu anaisifia.

Mimi nimesoma Bagamoyo miaka ya themanini, kile chuo bado kinaitwa Chuo cha Sanaa, hakijawa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ngoma za sindimba, lizombe, bugobogobo na majembe yake, vyote tulivifanyia mazoezi mchangani na mwalimu alikuwa hakuruhusu uruke kabla hujapasha misuli mpaka jasho litoke. Wakati ule niliona ananichelewesha. Nikaja Dar kwenye bendi, shoo nne kwa wiki mpaka saa tisa usiku, jukwaa la saruji, kupasha misuli hakuna, unashuka kwenye daladala unabadilisha nguo unapanda. Mwaka 1994 nikaumia kifundo cha mguu. Nikaficha! Nikafunga bendeji ndani ya soksi nikapanda jukwaani, maana ukikosa shoo unakatwa posho na nje kuna wasichana watatu wanaitaka nafasi yako. Mficha maradhi kilio humfichua. Baada ya miezi minne nilikuwa sishuki ngazi bila kushika ukuta, na bendi haikunipigia simu tena hata kuniuliza hali.

Kwahiyo nisikilizeni vizuri. Misuli kuuma kesho yake baada ya mazoezi makali ni kawaida, siku mbili tatu inaisha. Ila maumivu ya ghafla ndani ya kiungo, ukasikia mlio na kikavimba saa hiyohiyo, hapo simama, weka barafu, inua mguu, nenda hospitali, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili ipo. Usiende kuchuliwa mafuta! Kano ya goti ikikatika haiungwi kwa kuchua, na kuirudisha mpaka ucheze tena inaweza kula miezi tisa au zaidi, na hiyo ni kama utafanya mazoezi ya tiba bila kuruka siku. Mbao na mchanga vinapokea uzito wako unapotua, zege linakurudishia wote kwenye magoti na kiuno. Ukikuta zege omba mikeka minene, wakikataa punguza kuruka. Kusema "hapa siruki" siyo maringo mwanangu, huo mguu ndio ofisi yako.

Mengine nayataja tu. Kubalianeni hela kabla, kwa maandishi, hata meseji inatosha, na humo iwemo nani atalipa matibabu. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999 inawatambua na watumbuizaji, siyo mwenye wimbo peke yake, isomeni. Jiungeni na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, kama waliojiajiri. Kateni bima mkiwa wazima. Jifunzeni kufundisha na kutunga mitindo mapema, msisubiri mwili ugome.

Na nyie mnaotoa hela, mnakodi droni, mnakodi gari la kifahari la kupigia picha, madansa kumi mnawagawia soda na chapati, mnaona sawa? Na sisi jamii, tunamwita mnenguaji muhuni halafu harusini kwetu bila yeye shughuli haichangamki, mtoto wa watu akishikwashikwa jukwaani tunacheka. Ndio maana wakiumia wanaficha, wanajua nyumbani wataambiwa "tulikwambia".

Yule binti ameanza mazoezi ya tiba. Jana amekunja goti kidogo, akanitumia video yake analia na kucheka. Nimemwahidi nitakuwa naenda naye kliniki. Na nyie wengine, kila Jumamosi saa moja asubuhi nipo ufukweni Coco Beach, pale mchangani, tupashe misuli pamoja, hamlipi kitu. Mwenye maumivu anayoyaficha aniambie pembeni, sitamtangaza.