Barua ya Wazi kwa Kamishna wa Wakimbizi: Aliyeshambuliwa Asiulizwe Karatasi Kwanza

Kwa Kamishna wa Wakimbizi,
Nairobi, Kenya.

Mheshimiwa Kamishna,

Ninakuandikia kuhusu wanawake wanaoomba hifadhi hapa Nairobi, hasa waliokimbia vita vya mashariki mwa Kongo, ambao nimekuwa nikiwasaidia kama mkalimani wa kujitolea. Ombi langu ni moja. Mwanamke ambaye ombi lake la hifadhi halijaamuliwa, au ambaye hati yake imepitwa na tarehe, hana pa kushtakia anapodhulumiwa, kwa kuwa kila mlango anaoubisha humdai karatasi kabla ya kumuuliza yaliyomsibu.

Mmoja wao huchuuza vitenge mtaani Kayole. Hati yake huikunja ndani ya mfuko wa nailoni, na mikunjo imefuta baadhi ya maandishi, ila tarehe ya mwisho ingali inasomeka. Ilikuwa imeshapita usiku ule aliposhambuliwa akirudi nyumbani. Kulipokucha tulikwenda kituo cha polisi. Ofisa wa zamu aliipokea hati, akaigeuza upande wa pili, akauliza kwa nini mama huyu hayuko kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kisha akasema kwamba huenda yeye ndiye atakayewekwa ndani. Mama aliomba radhi, yeye aliyedhulumiwa, akaichukua hati yake, tukatoka bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, wala fomu ya P3 ambayo daktari hujaza majeraha ya aliyeshambuliwa.

Unafahamu, Mheshimiwa, kinachopotea hapo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na ushahidi wa mwilini haumngoji mtu apate karatasi. Hospitali inaweza kumtibu aliyebakwa hata kabla hajapiga ripoti, lakini ni nani amewahi kumweleza hilo mgeni anayeogopa kila mwenye sare? Wanaowadhulumu wanaijua hofu hiyo barabara. Mwajiri asiyetaka kulipa mshahara wa kazi za nyumbani, au mwenye nyumba anayetaka zaidi ya kodi, hahitaji kuinua mkono. Hutaja tu kwamba atawaita polisi.

Wapo pia wanawake ambao hatari yao iko chumbani. Mke huandikishwa katika faili moja na mumewe, na mume ndiye anayewekwa kuwa mkuu wa familia, hivyo anayepigwa huona kwamba akimwacha mume ataiacha na hifadhi yenyewe. Faili zinaweza kutenganishwa, lakini ni lazima aombe, na mara nyingi haombi kwa sababu mume ameketi kando yake.

Ibara za 28 na 29 za Katiba ya 2010 zinazungumzia heshima na usalama wa kila mtu, wala hazikusema kila raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 ilimtaka Kamishna ahakikishe kuwa hatua mahususi zinachukuliwa kwa usalama wa wanawake na watoto wakimbizi katika maeneo waliyotengewa, na sioni ni kwa namna gani Sheria ya 2021 iliyochukua nafasi yake ingeweza kusomwa kana kwamba imeuondoa wajibu huo.

Kwa hiyo ninakuomba ushauriane na Inspekta Jenerali wa Polisi ili utolewe waraka, ubandikwe kwenye kila kituo kwa Kiswahili, Kisomali, Kifaransa na Kiamhari, unaoeleza kwamba anayeripoti kubakwa au kupigwa ataandikiwa ripoti na kupelekwa hospitalini bila kwanza kukaguliwa hati, na kwamba hati iliyoisha muda si sababu ya kumkamata mlalamikaji. Ninakuomba pia kila mwanamke ahojiwe peke yake, tena na ofisa wa kike iwapo mhojiwa mwenyewe atataka hivyo, na aelezwe siku hiyo hiyo ya kuandikishwa kwamba anaweza kufunguliwa faili lake mwenyewe. Mkalimani naye asiwe jirani wala jamaa wa mume. Nimeona wanawake wakinyamaza kwa sababu hiyo tu.

Waraka huo hauhitaji sheria mpya, na ungeweza kutolewa mwaka huu.

Wako mwaminifu,
Mkalimani wa kujitolea, Nairobi