Dantu si ruhusa ya kukunja neti

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilibeba kichwa cha habari kilichosema damu ya watu wa Kilifi imeishinda malaria. Kesho yake asubuhi mzazi mmoja alinifuata shuleni ninakofundisha baiolojia, akaniuliza kama wanawe bado wana haja ya kulala ndani ya neti. Sikuweza kunyamaza.

Hiyo ni aina ya damu ya kurithi, nayo inaitwa Dantu. Haionekani kwenye kipimo cha kawaida cha A, B na O, kwa hiyo kadi yako ya kuchangia damu ikiandikwa O+ haijakwambia lolote kuihusu. Huku Kilifi takriban mtu mmoja kati ya kumi anayo. Kwingineko duniani ni nadra. Waliobaki tisa hawana, na huenda yule mzazi ni mmoja wao. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja, hatari yake ya kupata malaria kali hupungua kwa hadi asilimia 40. Aliyeirithi kwa baba na kwa mama, kwa asilimia 70 hivi. Kupungua, Mhariri.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mwandishi wenu alipita mbio pale penye utamu wenyewe. Kimelea cha malaria hakizaani damuni mpaka kipenye ndani ya seli nyekundu. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, hapa hapa Kilifi, pamoja na wanasayansi wa Cambridge, walichapisha katika jarida la Nature walichokiona kwenye damu ya watoto 42 wa huku kwetu. Waliviweka vimelea na seli chini ya hadubini, wakavipiga video vikihangaika kuingia. Kwenye seli za Dantu vilishindwa mara nyingi zaidi, kwa sababu utando wa seli hizo umekaza, mfano wa ngozi ya ngoma iliyooteshwa moto. Tena si Dantu peke yake: hata seli yangu mimi na yako, utando wake ukikaza kupita kiwango fulani, kimelea hakipenyi. Seli changa huwa legevu, na kadiri zinavyozeeka ndivyo zinavyokaza. Ndipo watafiti wakaanza kuwazia dawa ya kuukaza utando kidogo tu, basi. Kidato cha tatu changu, ambao husinzia nikitaja tu neno utando, siku niliyowaeleza haya kengele ililia wakakataa kutoka.

Mwaka 2023 yakaja matokeo mengine. Wakenya watu wazima 141 walikubali kudungwa vimelea hai huku madaktari wakiwachunguza kila mara. Miongoni mwa wenye Dantu hakupatikana hata mmoja ambaye vimelea vyake vilifika 500 kwa kila maikrolita ya damu, yaani katone kadogo mno. Habari njema kweli kweli, na nadhani ndiyo iliyozaa kichwa chenu. Ila baadhi ya waliorithi Dantu kwa mzazi mmoja walihitaji dawa ya malaria vilevile. Hilo halikuandikwa.

Watu hao 141 walijitolea miili yao, na wale watoto 42 damu yao, ili tujue haya. Sijui tumewalipa nini kwa kuyageuza kuwa sababu ya mtu kukunja neti yake, tena masika yakiwa mlangoni.

Kichwa kile kilikaa ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa kama kiganja. Naomba masahihisho nayo yakae ukurasa huo huo, yasiende kujibanza kule nyuma chini ya matangazo ya minada. Yule mzazi nilimwambia asubiri gazeti.

Mwalimu wa baiolojia,
Kilifi