Risala ya Wanafunzi wa Fiziotherapia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Fiziotherapia Duniani, 8 Septemba

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi na wauguzi,
Wagonjwa wetu mlioitikia mwaliko,
Wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Siku hii huadhimishwa kila tarehe 8 Septemba tangu mwaka 1996, kukumbuka kuundwa kwa shirikisho la dunia la taaluma yetu ya tiba ya viungo mwaka 1951. Safari hii tumechagua kuuzungumzia mguu, kuanzia nyonga hadi ncha ya kidole.

Ndugu Mgeni Rasmi, mguu mmoja una mifupa 30. Fupa la paja ndilo refu kuliko yote mwilini. Chini yake kuna kilegesambwa, yaani kifuniko cha goti, muundi na mwenzake mwembamba wa pembeni, kisha mifupa 7 ya kifundo na kisigino, 5 ya unyayo na 14 ya vidole. Kuitaja ni kazi ya wiki moja. Kuelewa inavyosaidiana ndiko kunakotukesha. Mtu anaposimama wima, katika nyuzi za mwisho za kunyoosha goti, fupa la paja huzunguka kidogo kwenda ndani juu ya muundi na goti likajifunga kama komeo. Ndiyo maana mlinzi anaweza kusimama getini muda mrefu bila mapaja kuwaka moto. Akitaka kukunja, kimsuli kidogo kilichojificha nyuma ya goti hufungua komeo hilo kwanza. Na anapoinua mguu mmoja kupiga hatua, misuli ya pembeni ya tako la mguu uliobaki chini ndiyo inayozuia kiuno kisidondokee upande wa pili. Daktari mpasuaji wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza ishara ya udhaifu huo mwaka 1895, na mpaka leo tunaipima vilevile: simama kwa mguu mmoja, tukuangalie kiuno.

Haya yote tuliyajua, Mgeni Rasmi, na bado tulikosea.

Tulimpokea mama mmoja muuza samaki aliyevunjika muundi kwa ajali ya bodaboda. Alifungwa muhogo wa plasta kuanzia pajani. Ulipofunguliwa, kigimbi kilikuwa kimenywea na goti kavu kama ubao. Tulimfanyisha mazoezi mpaka goniometa, kipimo chetu cha kukunjika kwa kiungo, ikasoma nyuzi 90. Tukapongezana, tukamruhusu. Baada ya wiki mbili akarudi. Hakuja kulalamika, alikuja kuomba. Alituambia kwa sauti ya chini, macho yakiwa sakafuni, kwamba choo cha kwao ni cha shimo, na kila anapokwenda lazima binti yake wa darasa la sita amshike mikono yote miwili.

Kutembea kunataka goti likunjwe nyuzi kama 60, kukaa kitini kama 90. Lakini kuchuchumaa chooni, kukuna nazi juu ya mbuzi, kuketi baina ya sijda mbili, kote huko ni kupita nyuzi 120. Kifundo nacho kisipokunjika vya kutosha, kisigino kinanyanyuka na mtu anaanguka kinyumenyume. Tulikuwa tumempa mama huyu goti la mtu wa kukaa kwenye kiti, kwa kuwa ndilo tulilolipima darasani, na hakuna kati yetu aliyemuuliza nyumbani kwake anakaaje. Tulianza naye upya, safari hii akishikilia kitasa cha mlango na kushuka taratibu, kidogo kila siku. Leo yupo hapa, mstari wa pili, na amekaa mkekani kwa hiari yake.

Mgeni Rasmi, jambo jingine linatuuma. Wapo watoto wanaoletwa kwetu wakiburuza vidole vya mguu baada ya kuchomwa sindano ya tako mahali pasipostahili. Ndani ya tako hupita mshipa wa fahamu mnene kuliko yote mwilini; ukijeruhiwa, mtoto anaweza kushindwa kuinua wayo. Kwa mtoto mchanga sindano ya msuli ichomwe pajani, sehemu ya mbele kwa nje. Tunaomba ujumbe huu ufike kwenye kila duka la dawa na kila zahanati, hata kama hautaandikwa kwa jina letu.

Kuhusu afya zetu wenyewe: tunainua wagonjwa kutwa, na wenzetu kadhaa wameshaanza kuumwa viuno kabla hata ya kuhitimu. Kila Jumamosi asubuhi tunatembea pamoja, kisha tunafanyishana mazoezi ya kunyanyua kwa kutumia mapaja badala ya mgongo.

Changamoto zetu ni mbili. Tuna kiunzi kimoja cha mifupa cha kujifunzia, na mguu wake wa kushoto unaishia kifundoni. Unyayo wake ulipotea zamani. Wa kulia umefungwa kwa waya, hauwezi kushikwa mfupa mmoja mmoja. Ya pili, chumba chetu cha mazoezi kina vitanda, baiskeli na viti, lakini hakina kitu hata kimoja kinachofanana na nyumba ya mgonjwa.

Maombi yetu, Mgeni Rasmi, ni kiunzi kipya chenye mifupa inayoachana, na kona moja ya chumba iwekwe sinki la kuchuchumaa lisilo na maji, pembeni yake bomba la kushikilia. Mkeka, mbuzi ya nazi na kigoda tumekwisha changishana wenyewe, vipo. Fundi ameshaipima kona na kusema inatosha.

Baada ya risala hii tutakuonyesha kona hiyo. Mama yetu amekubali kukuonyesha mwenyewe anavyoshuka na kuinuka.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanafunzi wa Fiziotherapia, mwaka wa pili na wa tatu.