Barua kwa wanangu wanaotafiti maduka bila kukaa dukani

Wanangu watafiti wa vyuo vya Zanzibar, mlioko Tunguu, Vuga, Chake Chake na kwengineko, Assalaam alaykum.

Nimeshika kalamu nikiwa na hasira. Mara nyingine huiacha hasira ipoe kwanza ndipo nikaandika, lakini hili nimeliacha lipoe mara nyingi mno na hakuna kilichobadilika. Nimefundisha utunzaji wa hesabu za biashara, na baadaye takwimu, kwa miaka 26. Wengi wenu mmepita darasani kwangu, kwa hiyo nawasema kama ninavyowasema wanangu wa kuwazaa.

Mwaka jana, mwezi wa Shaaban, kijana mmoja wa shahada ya uzamili aliingia katika duka la wifi yangu pale sokoni Darajani, mjini Unguja. Wifi anauza khanga na vitenge, na yupo kwenye mlango huohuo kwa zaidi ya miaka 30. Kijana alikuja na dodoso la kurasa saba, lote kwa Kiingereza. Duka limejaa, watu wanakimbilia nguo kabla ya Ramadhani. Akamwambia, "Bi mkubwa, tia vema tu popote, ni kwa ajili ya chuo." Wifi akatia vema. Alitia kwenye kisanduku cha katikati tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa kumheshimu mgeni, kisha akarudi kwa wateja wake. Baadaye mwanawe alimkuta yule kijana kwenye baraza ya jirani, rundo la madodoso mapajani na kalamu mbili za rangi tofauti mkononi, anajaza mwenyewe yaliyobaki.

Juzi nimeletewa makala yake, imeshachapishwa. Inasema alihoji wafanyabiashara 384, ile namba ya jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, linaloonyesha wahojiwe watu wangapi, ambayo kila mmoja wenu anaijua kwa moyo. Inasema wafanyabiashara wa Mjini Magharibi hawana mwamko wa teknolojia ya habari. Mwisho inapendekeza wapewe elimu.

Wifi yangu ana simu tatu. Moja ni ya WhatsApp, anakotuma picha za khanga mpya kwa wateja wa Pemba, Tanga na Muscat. Ya pili ni ya ndugu na jamaa. Ya tatu ni kitochi, simu ndogo ya vitufe, cha laini ya kupokelea pesa, kwa sababu betri yake inakaa siku nne. Lipa namba imebandikwa ukutani. Na chini ya meza lipo daftari la madeni la jalada gumu, ambalo hakubali kuliacha. Ukimuuliza kwa nini, atakueleza nusu saa, na katika nusu saa hiyo mna tasnifu nzima.

Atakukumbusha mwaka 2008, Unguja ilipokaa karibu mwezi mzima bila umeme. Atakukumbusha tena Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika. Aliyekuwa ameyatia madeni yake kwenye kompyuta alikaa gizani yeye na madeni yake. Wifi daftari lake alilisoma kwa kibatari. Atakusimulia tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, namna wateja wake walivyorudi kwenye noti wiki ileile, na namna baadhi yao walivyobaki kwenye noti hata tozo ilipopunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba. Kisha atakwambia jambo ambalo sijalisoma kwenye makala yoyote yenu: mama anayechukua doti tatu za khanga kwa mkopo hataki deni lake lije kwa ujumbe wa simu, kwa sababu simu yake inashikwa na mumewe na watoto. Anataka jina lake liandikwe kwa mkato kwenye daftari, na daftari lifunikwe.

Hayo yote ni utafiti wa matumizi ya teknolojia katika biashara. Hakuna hata moja lililoingia kwenye zile kurasa saba.

Sasa nataka tuzungumze juu ya hilo dodoso, maana ndilo linalonikosesha usingizi. Mnajua lilikotoka? Maswali mnayoyanakili ni ya mtafiti Fred Davis, aliyeyachapisha mwaka 1989 kupima kwa nini watu huikubali au huikataa kompyuta. Aliyapima kwa watu 152 kwa jumla, wengi wao wafanyakazi wa maabara ya IBM kule Toronto, Canada, na wengine wanafunzi wa shahada ya uzamili ya biashara katika chuo cha Boston. Wale wa Toronto waliulizwa juu ya barua pepe na programu ya kuhariri mafaili, vitu walivyopewa na mwajiri wao. Mshahara wao ulikuwa unakuja, kompyuta si ya kununua kwa faida ya khanga. Davis alifanya kazi safi na aliieleza wazi. Kosa si lake. Kosa ni la anayechukua shati lililoshonwa kwa kipimo cha mtu wa Toronto akamvisha mama wa Darajani, halafu akaandika kwamba mama ana mabega mabaya.

Tazameni na lugha. Katika kupima manufaa, Davis ana sentensi sita: kwamba mfumo unaharakisha kazi, unaboresha utendaji, unaongeza tija, unaongeza ufanisi, unarahisisha kazi, una manufaa kazini. Kwa Kiingereza zinatofautiana kidogo. Zitieni katika Kiswahili cha sokoni, na kufika ya nne mwenye duka atawauliza, "Si umeshaniuliza hilo?" Naye ana haki. Halafu mnaleta alfa ya Cronbach, ile namba inayokaribia 1 majibu ya maswali yanapokwenda pamoja, ya 0.97, mnaifurahia kwamba kipimo ni imara. Alfa iliyopanda hivyo inaweza kuwa inakwambia umeuliza jambo moja mara sita. Inaweza pia kuwa imejazwa na mkono mmoja barazani.

Halafu iko adabu yetu. Mgeni akikuuliza kama unakubali, hapa kwetu unakubali. Ni watu wachache wa rika langu watakaomtazama usoni kijana aliyekuja na salamu, na barua ya sheha mkononi, wakamwambia "sikubali kabisa". Mizani ya Likert, ile ngazi ya majibu ya kuanzia kukataa kabisa hadi kukubali kabisa, haikuundwa kwa watu waliolelewa kutomvunja mgeni moyo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtu anakubali kiasi gani, muulize jana alifanya nini. Jana alilipwa mara ngapi kwa simu? Makato alilipa nani, yeye au mteja? Umeme ulipozima alifanyaje? Mtu akisimulia jana yake hana haja ya kukufurahisha.

Mnapenda kumnukuu Everett Rogers na nadharia yake ya mwaka 1962 ya namna mambo mapya yanavyoenea. Sawa. Lakini moja ya mizizi yake mikubwa ni kazi ya Ryan na Gross ya mwaka 1943. Katika kazi hiyo wakulima 259 wa Iowa walihojiwa juu ya mbegu mpya ya mahindi: ulianza mwaka gani, ulisikia kwa nani, nani alikushawishi. Ikaonekana kwamba wengi walisikia kwanza kwa muuzaji wa mbegu, lakini aliyewatia imani ni jirani. Jambo hilo lilipatikana kwa kumkuta mkulima na kumsikiliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nyinyi mnataka kuwahesabu kunguni kutoka maktaba.

Jambo jengine la haraka. Nimeona kazi mbili zinazouliza "nia ya kutumia" risiti za kielektroniki. Mwenye duka ameamrishwa na mamlaka ya kodi, asipotoa anapigwa faini. Nia yake inahusu nini? Venkatesh na wenzake, katika ile modeli yao ya mwaka 2003 ya namna watu wanavyoikubali teknolojia, mnayoipenda, wameweka hiari kama jambo linalobadilisha matokeo, pamoja na umri, jinsia na uzoefu. Mnaichora modeli, hiari mnaiacha nje.

Nije kwenye kuchapisha. Hapa sina hasira, nina majonzi.

Binti mmoja wa Wete, msomi mzuri, mwandishi makini, alitumiwa barua pepe inayomwita "mheshimiwa profesa mashuhuri". Jarida lilimwahidi kuchapisha ndani ya siku tano. Alilipa dola 250. Pesa hizo mama yake alizitoa katika karafuu, zile alizochuma na kuzianika mwenyewe kwenye majamvi uwani, akizikimbiza ndani kila wingu lilipofunga. Makala ilitoka haraka, haikusomwa na mhakiki yeyote, yaani msomi wa kuikagua kabla ya kuchapwa, hata kosa la jina la kisiwa lilibaki. Baada ya mwaka tovuti ya jarida ikatoweka na makala ikapotea nayo. Alipoiwasilisha kwenye kamati ya kupandishwa daraja, ilikataliwa. Alikuja kwangu analia, sikuwa na la kumwambia ila kukaa naye.

Wanangu, utapeli huu una historia na mnaweza kuisoma. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga makala ya uongo ya dawa ya saratani, akaijaza makosa ya wazi, akaituma kwa majarida 304 ya kusomwa bure mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali. Mkutubi Jeffrey Beall wa Colorado aliweka orodha ya wachapishaji wa kuwashuku, lakini aliiondoa Januari 2017, kwa hiyo msitegemee orodha ya mtu mmoja. Tazameni kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida ya kusomwa bure mtandaoni, au AJOL, mkusanyo wa mtandaoni wa majarida ya Afrika. Waandikieni barua watu wawili wa bodi ya wahariri muwaulize kama wanajua kwamba wamo. Namba ya ISSN, ile inayoandikwa juu ya jarida, inalitambulisha tu, haithibitishi ubora wake. Someni makala tano za toleo lililopita; kama tano zote ni mbovu, yenu itakaa na wenzake.

Wala msidhani kila jarida linalotoza ni la kitapeli. Yako ya kweli yanayotoza, na mengi yao huwapunguzia au kuwasamehe ada watafiti wa nchi kama yetu. Ombeni msamaha wa ada kabla ya kutuma makala, msingoje ankara. Na msidhani jambo zuri lazima litoke mbali. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, yenye makao yake hapahapa Unguja, inachapisha jarida la sayansi za bahari linaloheshimika, na wahakiki wake hawana haraka. Kama watu wa bahari wameweza, kwa nini watu wa biashara na kompyuta wa vyuo vyetu hawajakaa pamoja wakaanzisha la kwao?

Mengine nayataja tu. Msinukuu msichokisoma. Hifadhini madodoso ghafi na rekodi za mahojiano. Msiandike jina la asiyefanya kazi. Msitume makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Kama matokeo hayakuthibitisha dhana yenu, andikeni hivyohivyo.

Lakini siwezi kuwabebesha nyinyi mzigo wote. Yule kijana wa barazani hakuzaliwa mwongo. Alipewa miezi mitatu, hakupewa nauli, na msimamizi wake alimtaka alete "namba nzuri". Vyuo vinahesabu makala kama karafuu kwenye pishi, bila kufungua gunia kutazama kilichomo. Wako wakubwa wanaodai jina lao litangulie kwenye kazi ambayo hawajaisoma hata muhtasari. Mwaka 2012 wanasayansi walikutana San Francisco, likatoka azimio kwamba mtu apimwe kwa kazi yake yenyewe, si kwa jina la jarida. Sisi bado tunapima kwa idadi. Nimekaa katika vikao hivyo, nikahesabu pamoja nao, nikanyamaza. Najutia kunyamaza kwangu, na nyinyi mlio wasimamizi leo nawaomba msinirithi katika hilo.

Tena tunatafiti watu kwa lugha wasiyoisoma, matokeo tunayapeleka kwa watu wasiowajua, na tasnifu tunaziweka rafuni zikaliwe na mchwa. Nani kati yenu amerudi sokoni na karatasi moja ya Kiswahili akasema, "Haya ndiyo mliyoniambia, na haya ndiyo niliyoyaona"? Ingekuwa kazi ya siku moja. Sokoni Mwanakwerekwe pana watu wangeisoma, wangeikosoa, na ukosoaji wao ungekuwa mkali kuliko wa mhakiki yeyote wa ng'ambo.

Nawaomba, mkianza utafiti mpya, kaeni duka moja wiki nzima kabla ya kuandika swali la kwanza. Saidieni kukunja khanga. Angalieni simu ipi inapokelewa na ipi inaachwa ilie. Mwenye duka akiwaamini, muombeni awaonyeshe daftari, na majina ya watu msiyatazame.

Wifi ameniuliza mara mbili yale majibu yake yalipelekwa wapi, na kama alijibu vizuri. Mwanangu uliyekwenda pale mwezi wa Shaaban, kama unaisoma barua hii, duka lipo palepale. Baada ya sala ya Alasiri huwa wateja wamepungua, na yeye hana kinyongo na wewe.