Risala ya Wagonjwa wa Kisukari na Presha wa Likoni kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mjumbe wa kamati ya afya katika bunge letu la kaunti. Wazee wa mtaa. Maimamu na wachungaji mlioitikia mwaliko. Wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii. Mwalimu mkuu uliyetuazima uwanja wa shule. Kina mama, kina baba na vijana: Assalaam aleykum, na nyote hamjambo.

Karibu Likoni, Mheshimiwa. Tunajua umevuka na feri saa ambayo watu wamebanana, na hilo peke yake tunalihesabu kuwa heshima kwetu.

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la zahanati. Tulikuwa tukionana hapo kila tarehe ya kliniki, tukisubiri kupimwa, hadi tukaanza kuulizana hali. Wengi wetu ni kina mama wa viazi karai, mbaazi na mahamri. Wako makuli wa bandarini, wavuvi wa Mtongwe, madereva wa tuktuk, na walimu wawili watatu waliostaafu. Tunakutana kupimana, kufundishana namna ya kula wali bila sukari kupanda, na kuchangishana pale mwenzetu anapokwama. Mtu asipoonekana kliniki, kuna anayetumwa kwenda kumbishia hodi.

Leo, Mheshimiwa, tuna jambo moja kubwa la kukuambia. Tunataka dawa za presha na sukari zipatikane zahanati kila mwezi bila kukatika, na pesa za umma za afya zianze kufika hapo kabla ya kufika kwengine kote.

Wazee wetu wameona mengi. Mwaka 1965 serikali ya Uhuru iliwaondolea wagonjwa wa nje ada ya hospitali. Mwaka 1989 ikaja sera ya kuchangia gharama, ikasimamishwa mwaka uliofuata, kisha ikarudi. Mwaka 2004 tukaambiwa zahanati ni shilingi 10 na kituo cha afya shilingi 20. Juni 2013 hata hizo zikafutwa. Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya taifa iliyokuwapo tangu 1966, ikaondoka, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, hii SHA, ikashika nafasi yake. Ukiyatazama mabadiliko hayo yote utaona kwamba nchi ilijadili zaidi dirisha la kulipia. Mgonjwa wa presha hukwama dirisha la dawa.

Tukuonyeshe anavyokwama. Mama anaamka alfajiri, anamwachia bintiye karai, anafika zahanati kabla jua halijawa kali. Muuguzi anamfunga mkanda mkononi, anabonyeza, wanasubiri pamoja. Mashine inasoma 170 juu ya 100. Muuguzi anaandika kitabuni, anamshauri kuhusu chumvi, halafu anainua macho na kumwambia amlodipini, vile vidonge vyake vya presha, zimekwisha. Anamwandikia karatasi akanunue nje. Hapo hajalipishwa hata senti, na kwenye ripoti ataingia kama mgonjwa aliyehudumiwa bure. Lakini duka la dawa halijui habari ya bure. Siku ambayo biashara imekuwa mbaya ananunua vidonge vya siku kumi badala ya mwezi. Wengine hunywa kidonge leo, kesho wakaruka, ili vidonge vifike mwisho wa mwezi. Presha haiumi, Mheshimiwa, ndiyo maana mtu huiahirisha. Tumbo la mtoto haliahirishiki.

Wanaotumia insulini wana taabu yao nyengine. Dawa hiyo inataka ubaridi, na joto la Mombasa unalijua. Wako wenzetu wanaoweka chupa zao katika friji la duka la soda, kwa hisani ya mwenye duka. Umeme ukikatika mchana kutwa, wanakaa na wasiwasi kama dawa bado ni dawa.

Sasa tazama dawa zikikosekana kwa miaka inakuwaje. Presha na sukari zisizodhibitiwa huharibu figo, macho, moyo na mishipa ya miguu. Figo zikifa, mtu anahitaji kusafishwa damu, na kwa kawaida ni mara 2 kwa wiki. SHA hulipia kila safari moja ya kusafishwa shilingi 10,650. Kwa wiki nne ni shilingi 85,200, kwa mgonjwa mmoja, na mwezi ujao ni vivyo hivyo. Tunaishukuru nchi kwa kulipa, maana bila hivyo tungekuwa tumezika. Hatutaki ipunguzwe hata shilingi moja. Tunachouliza ni hiki: kwa nini pesa zipatikane kwa wepesi zaidi figo zikishakufa kuliko zilipokuwa hai? Kwa fedha za safari moja tu ya kusafishwa damu, mgonjwa angekunywa vidonge vya presha kwa muda mrefu sana.

Mwenzetu mmoja yuko katika hali hiyo. Huvuka kwenda ng'ambo na kurudi siku hiyohiyo, na akirudi huwa hana nguvu ya kupanda kutoka kivukoni. Vijana wetu wa bodaboda humsubiri upande huu wakamfikisha nyumbani, na nauli hawamtozi. Hapa tunawashukuru mbele yako.

Tuseme haki pia. Mpango wenyewe, jinsi ulivyoandikwa, tunauunga mkono. Sheria nne za afya zilizotiwa saini Oktoba 2023 zimeweka mifuko mitatu, na mmoja wao, Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi, unatokana na kodi na ndio unaopaswa kulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya. Mgonjwa akishajiandikisha, huku chini hadaiwi mchango. Hiyo ni fikra njema mno. Katika bajeti ya 2025/26 mfuko huo ulitengewa shilingi bilioni 13.1. Lakini pesa zilizotengwa na pesa zilizofika ni mambo mawili. Sheria nyengine katika hizo nne inataka fedha zinazopatikana kituoni zibaki kituoni, zitumike hapo. Sisi wananchi wa kawaida hatuna njia ya kujua zahanati yetu imepokea nini, lini, na imenunua nini. Tunaona rafu tu.

Ukipita ngazi ya zahanati, mambo hubadilika. Ukilazwa hospitali unahitaji uwe umelipa mchango, na hapo ndipo watu wetu wengi hutoka nje ya mpango. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi, amalize. Asiye na mshahara anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mkupuo, angalau shilingi 3,600. Mwenye mapato ya kutwa anaweza kutoa shilingi 300 za mwezi kwa jasho, lakini 3,600 kwa siku moja ni mtaji wake wote. Ni kweli mwaka 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, ili mtu akopeshwe mchango wa mwaka na alipe kidogo kidogo. Ni hatua nzuri, ila kwa mtu anayeogopa deni inabaki kuwa mkopo.

Kisha kuna yale maswali ya SHA ya kupima uwezo wa mtu, ili apangiwe mchango wake. Unaulizwa paa la nyumba, sakafu, choo, maji, unachopikia. Mheshimiwa, wengi wetu tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, vyumba sita vinatazamana na ukumbi katikati. Sakafu ni ya saruji iliyong'arishwa, choo kipo uani, umeme upo. Vyote hivyo ni vya mwenye nyumba. Mpangaji anajibu ukweli kuhusu nyumba anayolala, na mtambo unamhesabia mali ambayo si yake. Kina mama kadhaa wa kikundi hiki walipangiwa kiwango cha mchango kilichowashangaza, na hawakupata mtu wa kuwaeleza pa kukata rufaa. Usajili nchini ulivuka watu milioni 20 mwaka 2025, lakini katika wasio na mishahara wanaolipa ni sehemu ndogo tu. Wapo wanaosema wananchi ni wakaidi. Wasemao hivyo wangefika hapa siku ya mvua, wahesabu karai ngapi hazikuwashwa moto.

Kuhusu wahudumu hatutasema mengi, wenyewe wapo na wanaweza kujisemea. Mgomo wa madaktari ulioisha 2017 ulidumu siku 100, na wa 2024 siku 56, na kila mara mwenye presha alibaki na kitabu chake mkononi. Wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye mashine za presha na vipima sukari mwaka 2023, na wanazunguka mitaa kwa posho ndogo. Kipima sukari bila stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea tone la damu, ni mzigo begani tu, na stripu huisha.

Maombi yetu kwako yanafuata uwezo wa kiti chako. SHA ni ya serikali ya taifa, na hatutaki kukubebesha yasiyo yako. Zahanati ni za kaunti tangu ugatuzi wa 2013, na bajeti yake hupita mikononi mwenu. Kwa hiyo tunaomba katika bajeti ijayo dawa za presha, sukari, insulini na stripu ziwe na fungu lake lenye jina, lisilochotwa kwa matumizi mengine katikati ya mwaka. Tunaomba zahanati moja kila eneo iwe na friji la dawa lenye umeme wa jua, ili wagonjwa wahifadhiwe insulini zao. Tunaomba pia mtupazie sauti Nairobi kuhusu mchango wa mkupuo na wapangaji wa nyumba za Kiswahili. Sisi tuko tayari kikundi kikusanye mchango wa wanachama kila wiki na kuuwasilisha kwa mwezi, kwa kuwa vyama vyetu vya kuchangishana vimeshazoea kazi hiyo.

Na kuna moja ambalo halihitaji bajeti. Tunaomba kila zahanati ibandike ubaoni, mwanzo wa kila mwezi, fedha ilizopokea, dawa ilizoletewa na zilizokwisha. Karatasi moja, kalamu moja, na muhuri wa msimamizi. Hili, Mheshimiwa, tunaomba utujibu leo ukisimama kuzungumza, kwamba litaanza lini.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza. Kina mama wamekuandalia samaki wa kupaka na mboga za mnavu, chumvi kidogo.

Wasalaam,
Katibu, kwa niaba ya wanachama
Likoni, Mombasa